Mwaka mzima wa picha na subira haijaja: jibu kwa mwalimu wa Mwanza

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mwanza. Mwaka jana nilinunua kamera iliyotumika na lenzi ya 70–300, ile ya kuvuta vitu vya mbali, kwa sababu kila ninayemsoma anasema kupiga picha za asili kunamfundisha mtu subira, kunamtuliza, kunamkuza. Leo nina picha zaidi ya 9,000, nyingi za ndege, na zilizotoka kali hazifiki 50. Serengeti nimefika mara moja tu, na kila nikifungua simu nakuta wenzangu wamepata chui. Subira sijaiona. Mke wangu anasema siku hizi nina hasira za karibu kuliko zamani. Hayo mafunzo ya maisha yapo kweli, au ni maneno matamu tu? Niuze kamera? Na kama siuzi, ninunue lenzi kubwa zaidi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na sehemu iliyonishika ni ile ya mkeo. Mtu wa nyumbani ndiye anayejua kama umebadilika, na yeye ameshakujibu kabla yangu. Hilo tulichukue kwa uzito.

Mafunzo yapo. Nimeyapata mwenyewe kwa miaka 22 ya kazi hii, kwanza nikiwa dereva wa watalii hapa Arusha, kisha mpiga picha. Ila hayakunijia kwa kubonyeza kitufe. Yalinijia pale nilipoanza kurudi mahali pamoja, kwa kiumbe mmoja, mpaka nikaacha kumdai picha. Wewe mwaka mzima umekwenda ziwani kama mtu anayekwenda kudai deni. Wahenga wamesema subira huvuta heri, nawe umeisikia kama mkataba: nikae dakika 40, nilipwe picha kali. Ndege hakuwepo mlipoandikiana. Dakika 40 zinaisha, hujalipwa, unarudi nyumbani na kinyongo, na anayekutana na kinyongo hicho mlangoni ni mkeo.

Kwamba kamera peke yake haimjengi mtu, hilo nimelishuhudia kwa macho. Nimeegesha gari mara nyingi kwenye duara la magari lililomzunguka duma mmoja. Duma huwinda zaidi mchana, kwa macho na kwa mbio; akishazungukwa na magari hana tena njia ya kumsogelea swala. Ndani ya magari hayo wamo watu wenye ujuzi mkubwa wa picha, wenye lenzi ambazo kwa bei yake mtu anainua nyumba, na ndio hao wanaomgonga dereva begani: sogea, sogea tena. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara. Majike walioishi penye watalii wengi walikuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao; walioishi penye watalii wachache walikuza 2.3. Zirudie hizo namba taratibu. Uzao mmoja baada ya mwingine unapotea, na kila aliyekuwa ndani ya duara lile angekuambia anapenda wanyama. Picha walizipata, nyingine nzuri sana. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, kwa hiyo sisemi haya kama mtu aliyekuwa mbali.

Mtazame sasa mtu aliyekwenda njia nyingine. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alifika Gombe, kule Kigoma, Julai 1960. Wiki baada ya wiki sokwe walimwona ng'ambo ya bonde wakatoroka. Hakuwakimbilia. Alichagua kilele kimoja akawa anakipanda alfajiri na darubini yake, amevaa nguo za rangi zilezile zilizopoa, akakaa mahali ambapo na wao waliweza kumwona. Ilikuwa Novemba ndipo alipomwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka ukoka kwenye kichuguu, akautoa umejaa mchwa, akala. Mpaka wakati huo wataalamu waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana. Mpiga picha Hugo van Lawick aliletwa Gombe mwaka 1962. Picha zake zilizozunguka dunia zilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekwisha kukaa pale mpaka sokwe wakamzoea. Mpangilio huo wapiga picha wengi tunaupindua: tunaanza na kamera, na kukaa tunakuita kupoteza muda.

Tuje kwako. Umefika Serengeti mara moja. Basi iache kwa mwaka huu, wala usiisikitikie. Unaishi kando ya Ziwa Viktoria, na ndege ambaye ningekuchagulia hana kiingilio. Ni yule mdiria mweusi na mweupe, mwenye kishungi na mdomo mrefu kama kisu, anayekaa kwenye kamba za mitumbwi na nguzo za mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Umemwona mara elfu. Nina hakika kati ya picha zako 9,000 yumo, amepigwa kwa haraka ukiwa unamtafuta furukombe, yule tai mla samaki.

Tafuta kipande kimoja cha ufukwe ambapo yeye hushinda, karibu na unapoishi kiasi kwamba unaweza kwenda kwa miguu. Nenda Jumamosi moja, kisha Jumamosi zote kwa miezi mitatu, palepale, saa ileile, na shati lilelile. Jua la Mwanza huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na huku kwetu karibu na ikweta linapanda wima, kwa hiyo mwanga laini hauna muda mrefu. Ikifika saa mbili na nusu weupe wa kifua chake utakuwa umeungua kwenye picha na weusi umekuwa shimo. Uwepo pale kabla ya jua.

Una bahati ambayo mtu wa Arusha hana. Mji wako uko upande wa mashariki wa ghuba. Asubuhi ukilitazama ziwa, jua liko mgongoni kwako. Na upepo, wavuvi wanaujua kuliko mimi: usiku hadi asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka. Mdiria akisimama hewani kutafuta samaki huuelekea upepo. Ina maana asubuhi, ukiwa umesimama ufukweni, anakuelekea wewe. Jua linamwangaza uso, upepo unamgeuza kwako. Jioni mambo yote mawili yanakugeuka, jua linakuwa machoni pako na ndege anakupa mgongo, na nadhani picha zako nyingi zilizokuudhi ulipiga jioni, baada ya kazi.

Halafu jambo lenyewe. Anapoelea pale juu, labda mita 5 au zaidi kutoka majini, mabawa yanapiga kwa kasi ambayo macho hayafuati, mkia unafunguka na kufunga, mwili unayumba huku na huku. Kichwa hakitikisiki. Kimesimama kama kimefungwa uzi kutoka mbinguni, jicho chini. Mara ya kwanza nilipokiona kichwa kile nilikuwa nimempiga ndege huyo miaka mitatu nami sijawahi kukiona, maana nilikuwa nikitazama namba za kasi kwenye kioo. Elekeza fokasi hapo, kwenye jicho, kwa nukta moja tu ya katikati. Kasi ya shata (kifuniko kinachofungua na kufunga mwanga) iwe 1/1600 ya sekunde au zaidi, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iachie kamera yenyewe, na kidole kipige fremu nne au tano kisha kiinuke. Ufundi ninaokupa ni huo tu. Mwingine utaupata kwa mtu yeyote.

Lakini Jumamosi nne za kwanza, dakika 20 za mwanzo, kamera ibaki kwenye mfuko. Nasema kwa dhati, na najua itakuuma. Chukua daftari la shule, andika unachokiona. Hapo ndipo utakapoanza kumjua.

Utaona kwanza kwamba si wote walewale. Dume ana mistari miwili myeusi kifuani, wa juu mpana na wa chini mwembamba. Jike ana mmoja, na mara nyingi umekatika katikati. Utaona mwingine amemshika samaki kichwa kikiwa kimeelekea ndani, kooni kwake, huyo anakula. Mwingine ameshika samaki kichwa kikiwa mbele, nje ya mdomo. Huyo mara nyingi anampelekea mtu, mwenzake au mtoto, maana samaki hutangulizwa kichwa ili mapezi yasikwame kooni mwa anayelishwa. Picha mbili za ndege mwenye samaki mdomoni, ambazo jana ungeziona sawa, leo moja ni mlo na nyingine ni safari ya nyumbani.

Ukimfuata kwa macho huyo wa safari, utafika kwenye ukingo wa udongo wenye matundu. Huko kuna habari iliyonifanya nimpende ndege huyu moja kwa moja. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwasoma mdiria wa Ziwa Viktoria na wa Ziwa Naivasha, kule Kenya, akakuta kwamba tundu moja linaweza kulishwa na zaidi ya baba na mama. Wapo wasaidizi. Wengine ni vijana wa uzao uliopita, wanawalisha wadogo zao. Wengine hawana undugu wowote na familia ile. Naivasha, ambako kuvua ni rahisi, hao wa nje walifukuzwa. Ziwa Viktoria, ambako mawimbi na umbali vinaifanya kazi kuwa ngumu, walikubaliwa, kwa kuwa wazazi peke yao hawatoshi. Wewe uliyekulia na kufundisha kwenye jamii ambayo mtoto analelewa na shangazi, mjomba na jirani, sina haja ya kukufafanulia.

Na samaki wenyewe wana historia. Sangara alipoletwa ziwani miaka ya 1950, kisha akaongezeka, aliwamaliza kwa wingi furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa. Watafiti waliofanya kazi humo humo Ghuba ya Mwanza walionyesha kwamba mdiria, aliyekuwa akiishi kwa furu, aligeukia dagaa. Dagaa ni mwembamba, kwa hiyo anayemtegemea lazima apige mbizi mara nyingi zaidi kwa shibe ileile. Unapomhesabia mbizi zake kwenye daftari, ngapi zimepata na ngapi zimetoka tupu, unaisoma habari ya ziwa lote. Zile tupu utazikuta nyingi. Hukunja mabawa, hudondoka kama jiwe, hutoka na maji mdomoni, hurudi kwenye kamba yake, hujitikisa, hutazama tena. Hafanyi lolote jingine kuhusu jambo hilo.

Nimekaa sana kwa mdiria, na nimefanya hivyo makusudi. Sasa nikupe kazi ya jioni, ambayo kwangu ndiyo iliyofungua mlango.

Picha zako mbaya usizifute. Kila picha imebeba saa yake, hadi sekunde. Fungua kompyuta, panga picha za asubuhi moja kwa saa, usiziangalie kama picha. Angalia saa tu. Mimi nilifanya hivyo na kadi zangu za picha kutoka maziwa ya Momella, karibu na Arusha, zilizokusanyika miaka miwili. Nikakuta mfululizo wa picha za heroe (flamingo), kisha kimya, kisha baada ya robo saa hivi picha 10 au 20 za vitu ambavyo sikuvijia: tawi kavu, wingu, Mlima Meru ambao nimeupiga maelfu ya mara. Kisha nimeondoka. Kadi ya wiki iliyofuata, robo saa tena, tawi tena, Meru tena. Ile picha ya tawi ilikuwa mahali hasa ambapo nilichoka na sikujua kwamba nimechoka. Mkono ulitafuta kazi ili moyo usikae na utupu. Kwa miaka nilijiita mtu mwenye subira, na pale kulikuwa na kumbukumbu ya sekunde ikinionyesha mwisho wa subira yangu uko dakika ya 15.

Zako ukizipanga utaukuta mwisho wako. Huenda ni wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, ambao Mwanza wamejaa. Umewapiga 30 kwa mpigo ilhali huwataki. Angalia ni dakika ya ngapi. Safari ijayo, ukifika hapo, usipambane na mkono. Uweke tu chini, ujiambie, "ndiyo hii," ukae dakika 3 zaidi. Baada ya mwezi ongeza 3. Mimi leo nina kama dakika 50, na zilichukua miaka.

Nilipomweleza mke wangu jambo hili, naye ni mwalimu kama wewe, aliniambia kitu alichosoma chuoni. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu huwapa wanafunzi baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde 1, mara nyingi pungufu, kisha mwalimu anajibu mwenyewe au anamgeukia mwingine. Walimu wakijizoeza kungoja sekunde 3, majibu yanarefuka, na watoto ambao huwa kimya wanaanza kusema. Jumatatu ukiwa darasani, uliza swali kisha hesabu moyoni hadi tatu. Utahisi kitu kilekile cha dakika ya 15: mkono unatafuta kazi. Ukishakijua ziwani, utakitambua popote, hata mezani mkeo anapokusimulia siku yake nawe unamalizia sentensi zake.

Kuna funzo jingine ambalo linanigusa zaidi, na sikulitafuta. Ndege yeyote kabla hajaruka hutoa dalili. Huinama mbele, hubana manyoya, wengi hujisaidia. Mdiria hupandisha na kushusha kichwa na kutingisha mkia. Anayetaka picha ya kuruka hangoji kuruka, anangoja dalili. Miaka yangu ya kwanza niliyotumia kuzijua dalili za ndege ilinifanya nianze kutazama vitendo vidogo vinavyotangulia vikubwa, bila kujua natazama. Jioni moja nimekwenda kumsalimia mama yangu. Akaleta chai. Nikaona anakishika kikombe kwa mikono miwili, na kabla ya kukiweka mezani anatuliza kwanza kiwiko kwenye ukingo wa meza. Kikombe hakikumwagika, mama anacheka, anasema habari za ng'ombe. Ndugu zangu walikuwa naye kila siku na hawakuona kitu, nami mwenyewe nilikuwa nimenywa chai kwake mwezi uliotangulia. Tulimpeleka hospitali wiki ileile. Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka, umeanza taratibu, na alikuwa akiuficha. Dawa alizianza mapema, na miaka minne aliyokaa nasi baada ya hapo alijishikia kikombe chake. Siku ile njiani kurudi nilijiuliza nimejifunzia wapi kutazama kiwiko cha mtu. Nilijifunzia kwenye kamba za mitumbwi.

Sitaki udhani kila kilichonifundisha kilikuja kwa upole. Mwaka wangu wa nne nilikuta kiota cha chozi, ndege mdogo anyonyaye maua, kichakani, pembezoni mwa Arusha. Unakijua, kile kifuko kinachoning'inia, mlango ubavuni. Ndani makinda mawili. Majani yalikuwa yakitia kivuli mlangoni, nami nikataka mwanga. Nikavunja vijiti viwili na tawi moja nikalifunga pembeni kwa kamba. Nikapata picha: mama yao amening'inia mlangoni, midomo miwili ya manjano imefunguka. Niliondoka nimefurahi na tawi nikaliacha limefungwa. Kesho yake asubuhi kifuko kilikuwa kimepasuliwa chini, sufi imetapakaa kwenye majani, makinda hayapo. Majani yale yalikuwa ndiyo ukuta wao, na mimi ndiye niliyeubomoa. Picha ile ninayo. Sijawahi kuiuza wala kuitundika, na kila kijana ninayemfundisha namwonyesha, pamoja na ile ya pili niliyopiga kesho yake.

Tangu hapo nina kanuni moja ya kiotani, nawe uishike kwenye yale matundu ya ukingoni: ndege mwenye chakula mdomoni ndiye anayekupangia umbali. Akifika na samaki akawa anazunguka, anatua pembeni, analia, haingii, basi umekaa karibu mno. Rudi nyuma, tena rudi, mpaka aingie bila kukujali. Pale alipokubali ndipo kiti chako, hata kama lenzi yako inamfanya awe mdogo kama punje ya mchele. Usikate kitu, usifunge kitu, usimpigie mlio wa simu ili asogee. Na usitangaze mahali tundu lilipo.

Umeniuliza lenzi kubwa. Usinunue mwaka huu. Nick Brandt, Mwingereza aliyewapiga tembo na simba wa Amboseli, kule Kenya, picha zinazojulikana dunia nzima, alizifanya bila lenzi ndefu kabisa. Alisogelea na kungoja, na mandhari yakabaki ndani ya picha. Sikuambii umsogelee mnyama hatari kwa miguu. Nakuambia kwamba 300 yako, kwa ndege aliyekuzoea, asubuhi, upepo mgongoni, inatosha. Kwa fedha hizo mchukue mkeo mvuke kwenda kisiwa cha Saanane, ni dakika chache kwa boti. Kule kwenye mawe, na hata mawe ya hapo mjini kwenu, yupo mjusi ambaye kwa jina la kisayansi anaitwa Agama mwanzae, kwa heshima ya mji wako: dume ana kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu. Jua likishapasha miamba hutoka kuota. Wageni hufunga safari ndefu kumpiga picha, na wanafunzi wako wanampita kila siku.

Kundi la simu lenye chui, jitoe humo kwa miezi hii mitatu. Sina ubaya na wenzako. Ila chui wa mtu mwingine hakuambii chochote kuhusu dakika yako ya 15, na jicho lililoshinda kwenye chui halimwoni ndege wa kambani.

Mkeo, mpe saa ya kurudi. Mwambie saa tatu kamili, na saa tatu uwe mlangoni, hata kama ndege ndiyo kwanza ameanza kuelea na mwanga umekuwa mzuri kuliko siku zote. Hasa siku hiyo. Funga mfuko ukiwa unamtazama, uende. Itakuwa ngumu kuliko kungoja, na nadhani kwako wewe ndiyo itakayofanya kazi upesi zaidi. Baada ya wiki sita muulize yeye, usijiulize wewe, kama hasira zimepungua.

Kwa hiyo kamera usiuze. Jumamosi hii nenda na daftari. Ukishalipata tundu, ukiona wakubwa watatu au wanne wanaingia na samaki, hesabu mistari ya vifuani, andika ni nani alileta mara ngapi, kisha niandikie. Msaidizi asiye ndugu nimemwona mara mbili tu maishani mwangu, na ningependa sana kujua kama kwenye ufukwe wako yupo.